Mtoto Ndani ya Koti

Jumanne, 11 Oktoba 1994

Muthoki amezaa!! Jana. Na mimi nilikuwa hapa nasukuma chapati na kucheka na madereva, sijui kitu.

Habari imeletwa na Evanson, ule dereva wa lori ya ndengu. Amesimama mbele ya hoteli yangu, hata injini hajazima, akatoa kichwa kwa dirisha — Mama Muthoki! Msichana wako amepata msichana! Lakini mtoto amekuja mbele ya wakati! Mtito Andei nzima imesikia. Hata nyani wako juu ya paa wamesikia. Mimi napenda habari sana, lakini napenda nikiitoa mimi.

Tumbo ilikuwa miezi saba. Saba! Ati presha ilipanda, Muthoki akaanza kuona nyota mchana, wakamkimbiza hospitali ya misheni huko Kitui. Dokta akasema tukingoja tunakosa wote wawili. Wakampasua. Sasa amelala tu, anaamka kidogo anarudi. Mtoto ako hai. Evanson anasema ni mdogo kama chupa ya soda. Nikamuuliza soda gani, kubwa ama ndogo? Hajui. Yeye pia ameambiwa.

Mzee wangu Mutiso analinda petroli usiku, amekuja asubuhi nikamwambia. Akavua kofia. Akakaa. Akasema, haya.

Miaka yote nimeolewa na "haya".

Jumatano, 12 Oktoba

Chai nimeweka chumvi leo. Wateja wamekunywa tu, wananihurumia.

Msichana wangu amengoja huyu mtoto miaka sita. Sita! Watu wa soko wamesema yote ya kusema — najua, kwa sababu zingine nilisikia mimi mwenyewe nikiwa nyuma ya gunia. Na sasa mtoto amekuja na mimi niko hapa nahesabu mandazi.

Ningekuwa nimeshafika. Lakini mtu wa Kyuso ako huko. Bwana ya Muthoki. Jina lake siandiki hata hapa kwa kitabu yangu — mkwe ni mkwe. Nthoni ni nthoni. Mahali amekaa mimi sikai, njia amepita mimi napita kwa miti. Hivyo ndivyo mama yangu alifanya na baba ya watoto wangu mpaka akazikwa. Siku ya mahari nilikuwa jikoni, nikachungulia chini ya mlango, nikaona viatu yake. Brauni. Moja iko na kamba ya kiatu, ingine imefungwa na kamba ya mkonge. Hiyo viatu nikiiona leo sokoni Kibwezi nitaijua. Uso — sijui kama ako na pua.

Na mama yake alikufa zamani. Kwa hivyo huko hakuna mwanamke wa kusaidia. Ni yeye tu. Mwanaume na mtoto kama chupa.

Wariara ananicheka. Huyu jirani anauza mitumba hapa mlango ya pili, mtu wa Murang'a. Anasema hata wao wako na hiyo aibu ya wakwe, lakini mtoto akiwa mgonjwa aibu inaenda kukaa nje. Nikamwambia nyinyi mmekaa barabarani sana. Akasema, na wewe umekaa wapi, msituni?

Jumapili, 16 Oktoba

Kanisa imeombea mtoto. Pastor akasema jina ya mtoto ni nani tumwombee vizuri. Nikasimama, nikakosa. Hajapewa! Nani atampa? Mama yake amelala, susu, nyanya ya upande wa baba, hayuko. Nikasema tu Kaveti, mama mdogo, vile tunaita wasichana wadogo. Basi watu wote wakaomba — Bwana kumbuka Kaveti. Nikalia mpaka leso ikalowa.

Baadaye nikamwendea pastor kwa upole. Nikamuuliza hii nthoni, Mungu anasemaje. Akaniambia mambo ya zamani imekwisha, mama, sisi ni viumbe vipya. Nikasema amina. Lakini mimi naishi na macho! Mwezi wa nane mama mkwe yake alikuja kumsalimia, na huyu kiumbe kipya alitoka kwa mlango ya nyuma na bakuli ya uji mkononi, akaruka ua ya michongoma. Suruali ilishonwa na Wariara. Sijamwambia mtu. Isipokuwa Wariara, na yeye alijua.

Alhamisi, 20 Oktoba

Ngai wangu. Naandika nikicheka, kisha sicheki tena.

Evanson amepita anaenda Mombasa. Nimemkalisha chini, nimempa madondo na chapati ya bure, nikamwambia leo hutoki mpaka useme yote. Yeye amefika hospitali mwenyewe, ameona.

Muthoki ameamka. Anaongea. Lakini kidonda iko na moto na presha bado, hawezi kuinuka.

Mtoto — huko wako na mashine mbili ya kupasha watoto joto. Mtoto wangu alikuwa kwa moja. Kisha mwanamke wa Mutomo akazaa watatu mara moja, wadogo kushinda wetu, kama panya ya shamba. Sasa watagawa namna gani? Iko nesi hapo, Sista Mbula, ametoka kusoma juzi. Akaita mtu wa Kyuso akamwambia, baba, vua shati.

Vua shati!

Akavua. Akakalishwa kwa kiti. Mtoto akavuliwa nguo yote, akabaki na nepi na kofia, akawekwa hapo kwa kifua, ngozi kwa ngozi. Akafungwa na leso. Koti kubwa juu. Sista akasema iko mnyama fulani mbali sana hubeba mtoto kwa mfuko ya tumbo, basi wewe ni huyo mnyama, usimtoe. Joto yako ndiyo mashine.

Na hajamtoa! Anakula na yeye, analala kama ameketi na yeye, maziwa ya Muthoki inakamuliwa kwa kikombe inaletwa, inapitishwa na mpira kwa pua ya mtoto hapo hapo kifuani. Evanson anasema wanaume wa wodi ingine wanakuja kuchungulia. Wanamuita Mama Koti.

Nilicheka mpaka chapati ikaungua. Mutiso ako hapo anakunywa chai, hakucheka. Akasema, sasa utamwona aje?

Ndiyo nikaelewa.

Mjukuu wangu anaishi kwa kifua wazi ya mtu. Na kwa hii dunia yote, na vile watu wamejaa, huyo ndiye mwanaume mmoja mimi siwezi kuangalia.

Jumamosi, 22 Oktoba

Naenda! Nimeamua. Mimi ni mjanja. Nitaingia tu kwa wodi ya wamama, kwa Muthoki, mtu wa Kyuso ako nasari, chumba ya watoto wachanga, upande mwingine. Akitoka kwenda choo pengine Sista atanionyesha mtoto kwa dirisha. Lazima hata huyo mtu anaenda choo.

Hoteli imebaki na Wariara. Nimemwambia asipunguze sukari, wateja wangu wananijua na sukari. Amenipa kitu — soksi ya mtoto wa mzungu kutoka kwa bale, nyeupe, ameikata juu akafunga na uzi. Kofia! Nikaiweka kwa dole gumba. Inatosha dole gumba.

Nimebeba unga ya wimbi, na sabuni, na hii kitabu. Mwalimu wa gumbaru, shule ya watu wazima, alisema ukiandika kila siku mkono hausahau. Kikamba ni ya kuongea, kuandika walitufundisha Kiswahili, basi hata kilio yangu iko kwa Kiswahili.

Jumapili, 23 Oktoba. Hospitali

Nimeona Muthoki. Amekuwa mweupe midomo. Nikamshika, akasema mwaitu, mama yangu, umekuja, kisha tukalia zote mbili kama wajinga mpaka mama wa kitanda ya pili akalia pia, na yeye hatujui.

Nikamuuliza, mtoto anafanana na nani? Akasema hajui vizuri. Ameletewa mara kidogo tu. Mwaitu, anasema, mimi ndiye nimezaa na hata mimi naskia tu habari.

Wakanitoa, ni saa ya dokta.

Nikaenda nje kukaa kwa jua, kwa benchi ndefu ya veranda. Hapo iko mtu mmoja ameketi peke yake, amevaa koti mzito ya baridi — na jua hiyo! — na kandambili ya hospitali. Nikasema huyu ni mgonjwa wa malaria. Nikamsalimia, akageuza uso upande ya ukuta, akashika shavu. Nikasema, jino? Akaitikia na kichwa kidogo. Pole, nikamwambia, jino ni mbaya, usiongee, mimi nitaongea.

Na nikaongea! Wacha nijicheke. Nilikuwa nimekaa siku mingi na hiyo maneno kwa tumbo. Nikamwambia nimetoka Mtito Andei, msichana wangu ameolewa Kyuso huko kwa mawe na punda. Mimi nilitaka aolewe na mwalimu mmoja wa Makindu mwenye pikipiki, lakini yeye akachagua huyu, mtu wa ndengu, mtu kimya mpaka unafikiri amemeza jiwe. Ati kwa mahari alileta mbuzi moja haioni jicho moja! Na sasa, nikamwambia, unajua ile kichekesho iko nasari? Mwanaume amebeba mtoto kama mwanamke! Huyo ni mkwe yangu!

Mtu wa jino akainama tu.

Kisha sijui, nikachoka na kucheka. Nikamwambia, lakini unajua kitu moja nataka? Sitaki mengi. Nataka kuona vidole. Kwetu sisi wanawake, kutoka kwa susu yangu, kidole ya mwisho imekunjika ndani, ona yangu. Muthoki hana, ilimruka. Nataka kuona tu kama imeenda kwa huyu mtoto. Hata asipoishi. Nijue alikuwa wetu.

Hapo koti ikatoa sauti. Kidogo sana — pii. Nikasema, wewe! Umebeba kifaranga hospitali? Sista atakufukuza! Nikacheka, nikampiga kwa bega. Akasimama, akanipa mgongo, akatembea haraka akaingia ndani. Pole pole lakini haraka, vile mtu anabeba maji imejaa. Nikasema watu wengine hawana adabu, hata kwaheri.

Jioni. Naendelea.

Saa ya kuona wagonjwa nikarudi kwa Muthoki. Akaniangalia na macho imetoka. Mwaitu, akasema, asubuhi uliongea na nani kwa benchi?

Jumatatu, 24 Oktoba

Nimetoroka. Nimepanda gari ya kwanza. Nimeketi mpaka Kibwezi na leso juu ya kichwa kama maiti.

Viatu! Wamemwachisha viatu wakampa kandambili, kwa sababu nasari hawaingii na viatu ya nje. Ningeona viatu ningemjua. Na kwa jua alikuwa amewekwa na Sista, mtoto apate joto ya asubuhi, ameambiwa asisimame mpaka aitwe. Basi mimi nikaja nikamkuta amefungwa hapo kama mbuzi ya soko. Sauti yangu aliijua. Nani hajui sauti yangu?

Mwalimu mwenye pikipiki!! Jicho ya mbuzi!! Nikampiga bega!!!

Hiyo yote naweza kubeba. Mimi nimeaibika mara mingi, nimezoea. Lakini kitu inanikata ni ingine. Alikuwa hapo. Kati yangu na yeye ilikuwa koti tu. Kitambaa na pamba ya ndani, basi. Mkono yangu ilikuwa kwa bega, ingeshuka hivi — hapo. Pii. Hiyo ndiyo sauti yake. Nilisikia sauti ya mjukuu wangu nikamuita kuku.

Kofia ya soksi imebaki kwa mfuko yangu. Sikuitoa.

Ijumaa, 28 Oktoba

Mji wote unajua. Nani amesema? Mimi. Nilimwambia Wariara peke yake, na mke wa mchinjaji, na wale wawili wa nyanya. Afadhali nichekwe nikiwepo.

Mutiso hakucheka. Jumanne alienda kwa ndugu yake huko Kambu, akarudi na mbuzi. Mwenye ametukana mkwe lazima atoe mbuzi, ndiyo kawaida. Akamwangalia macho yote mawili kwanza. Akasema, mbuzi natoa mimi. Wewe toa kunyamaza.

Mbuzi ikapanda lori ya Evanson.

Leo imerudi! Mbuzi mwenyewe, mzima, amenona kidogo. Evanson anasema mtu wa Kyuso amesema asante, amesema hana hasira, lakini yeye hawezi chinja mbuzi akiwa na mtoto kwa shati. Irudi ilindwe, wataila Kaveti akimaliza miezi yake. Anamuita Kaveti! Nani alimwambia? Ama ni mimi hapo kwa benchi.

Kisha Evanson akasema iko neno ingine, lakini ameambiwa aseme kwangu tu, sio mbele ya watu. Nikamvuta kwa stoo ya mkaa. Akasema — ameniambia nikwambie, mkono ya kushoto, kidole ya mwisho. Imekunjika.

Nikakaa juu ya gunia.

Alisikia. Maneno yote mbaya nilimpa, na yeye akaenda ndani akafungua koti, akatafuta kidole.

Hii sijamwambia Wariara. Hata mmoja. Ni yangu.

Jumatano, 2 Novemba

Mvua!!! Usiku wote kwa mabati. Barabara imejaa kumbikumbi, watoto wanashika wanakula, madereva wanateleza na kutukana. Nyani wamejificha. Kila mtu anacheka leo.

Mimi nimesimama mlangoni nikafikiri, Kyuso imenyesha pia. Na shamba ya mtu wa Kyuso nani anapanda?

Mchana habari mbaya. Wameleta kwa simu ya petroli, ni Mutiso amesikia, amekuja hapa mchana na hana kawaida. Kaveti alisahau kupumua. Hivyo ndivyo walisema — amesahau. Watoto kama hawa wanasahau. Baba yake alikuwa amesinzia, akasikia kifua yake imekuwa kimya, akaruka, akampiga chini ya mguu na kidole vile Sista alimfundisha. Akakumbuka. Akalia.

Mimi nikauliza, na baba alikuwa amesinzia? Mutiso akasema, wewe ungekaa siku ngapi bila kulala? Nikanyamaza. Nimetoa ile alisema nitoe.

Nimeweka kofia kwa dole gumba tena. Nikaitingisha, nikasema kumbuka, kumbuka, wewe mama mdogo. Pumua ni rahisi. Hata mimi mjinga naweza.

Jumamosi, 5 Novemba

Leo nimeitwa kwa simu. Mimi! Nimekimbia mpaka petroli na unga mkononi.

Ni Sista Mbula. Sauti yake ni ya kijana, inaenda mbio. Anasema mama, baba ya mtoto lazima aende kupanda. Akikosa hii mvua hakuna chakula nyumba hiyo mpaka mwaka ujao, na yeye hataki kusema, ni Muthoki amesema. Kidonda ya Muthoki imepona juu tu, hawezi kubeba uzito kwa kifua bado. Mashine imejaa. Mtoto amepanda kilo, karibu ametoshea, lakini hajafika, akiachwa na baridi anarudi chini.

Kisha akaniuliza, mama, wewe uko na kifua?

Tangu nizeeke hakuna mtu ameniuliza! Nikasema iko, tena kubwa, inatosha hata wale watatu wa Mutomo.

Akacheka. Kisha akasema, lakini mama, sikiza. Haiwezi kuwa anamweka kitandani anatoka na wewe unaingia. Mtoto hakai kwa baridi hata kidogo. Atoke kwa yeye aingie kwa wewe. Mmoja kwa mwingine. Mko tayari? Najua mambo yenu, mimi pia ni wa kwenu, wa Mwingi.

Yule mtu wa petroli ananiangalia. Nipokee mtoto kutoka kwa kifua ya mkwe. Mimi!

Mutiso alikuwa nyuma yangu. Akasema, enda. Nikamwambia, na nthoni? Akasema — na sijawahi sikia mzee huyu akisema maneno mingi hivi — Kalunde, wewe umeongea na kila mtu kwa hii barabara, madereva, polisi, vichaa. Umeongea mpaka na yeye. Mambo ya wazee nitaongea mimi na wao, na mbuzi iko. Enda ushike mtoto.

Wariara amefunga duka anipeleke stendi. Ameleta blauzi ya kufungua mbele. Amesema hii usilipe, hii ni ya aibu yenu.

Jumapili, 6 Novemba. Hospitali

Nimeoga na sabuni ya dawa mpaka viwiko. Nimetoa shanga, nimetoa pete. Nimekalishwa kwa kiti nasari, pembeni, nyuma ya pazia ya kijani. Blauzi iko wazi, leso juu. Sista amefunga pazia katikati, akasema kwa sauti ya wote wawili, mimi nitasimama hapa, nitamtoa huku nitampitisha huku, hakuna mtu ataangalia mtu. Tukiwa tayari mtoto wa mwanamke wa Mutomo akaanza kufanya midomo ya bluu. Akasema ngojeni! Akakimbia.

Basi tumengoja. Kitabu iko kwa goti. Naandika mikono ipate joto, isimguse ikiwa baridi.

Ako hapo. Upande ule. Nasikia akipumua. Nasikia mbili — moja ya mtu mkubwa, na moja ndogo, haraka, kama mtu anapuliza uji. Chini ya pazia naona viatu. Brauni! Amerudishiwa, Sista amemruhusu mara hii tu, anaenda safari. Moja na kamba, moja na mkonge. Imepanguswa, matope ya Kyuso bado haijashika.

Sista aliniambia mtoto anajua tu kifua ya baba yake, akija kwangu nimwongeleshe pole pole azoee. Niongee! Mimi Kalunde nimeambiwa niongee na nimekosa. Nitasema nini kwa mtu mdogo hivyo? Habari ya Mtito? Suruali ya pastor?

Imeanza pii. Pii, pii. Analia. Analia kama mlango inataka mafuta. Viatu inatembea hapo mahali pamoja. Hanyamazi. Sista hajarudi.

Ameongea!! Amesema — mwaitu. Kwa sauti ya chini, imekaa siku mingi bila kutumika. Amesema, mwaitu, ongea kidogo. Siku ile kwa benchi alikuwa analia tangu asubuhi, nilikuwa nimeshindwa. Wewe ulipokuja ukaanza kuongea akanyamaza. Akasikiza mpaka ukamaliza. Nilikaa kwa sababu hiyo. Anaijua sauti yako.

Si Sista alimkataza kusimama. Ni hiyo.

Sasa naongea na naandika pamoja, sijui nasema nini. Ninamwambia ati kofia yako iko kwa mfuko yangu. Imetoka kwa soksi ya mzungu. Iko mbuzi nyumbani anakungoja, huyu anaona macho yote. Pii imepungua. Imekuwa kidogo. Imekwisha.

Ananyamaza. Ananisikiza!

Upepo imeingia kwa dirisha, pazia inataka kufunguka. Mkono imetoka kuishika. Si ya Sista. Ni kubwa, kucha iko na mchanga ya zamani haitoki na sabuni, na mshipi ya saa bila saa. Imeshika pazia hapo katikati, inangoja.

Kwetu hapo mtu anageuka.

Sijageuka. Naiangalia. Imeshika mtoto wangu siku hizi zote, wacha niione.

Mwangangi. Hilo ndilo jina lake. Nimeandika.